Kana na Dada Zake

Jumatano na Jumamosi, baada ya alasiri,
nafunga duka la ufuta na alizeti hapa Bicha,
najipangusa pumba kwenye nyusi,
naenda kukaa jamvini na watoto wa darasa la sita
kujifunza sarufi ya Kiarabu.

Mwalimu wetu, Nuswaiba, ana miaka ishirini na mitatu.
Mama yake nilimkopesha debe la mbegu mwaka wa njaa
na hajalipa. Hilo hatulitaji darasani.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni: jumla.
Nikasema, jumla naijua, niulize bei.
Kumbe jumla kwao ni sentensi,
maneno mawili tu yakitoshelezana:
al-baytu kabirun. Nyumba, kubwa.
Nikauliza, "ni" yetu iko wapi?
Haipo, akasema. Haihitajiki.
Usiku nikaitazama nyumba yangu,
kubwa, bila ni.

Anatangulia mwenye jina, habari inafuata,
kama Kondoa wanavyopiga simu alfajiri:
wanataja jina,
wananyamaza,
ndipo waseme.

Faili ni mtenda. Mimi nilidhani ni lile la hospitali ya wilaya,
la kijani, lililopotea siku tulipolihitaji.
Na kiwakilishi wanakiita dhamiri,
tena iko dhamiri iliyofichika ndani ya kitendo.
Hapo sikuuliza swali. Mizani yangu naijua.

Kila mtu atunge ya kwake.
Swabri akatunga ya mbuzi wao mgonjwa.
Mimi: zawji tajirun.
Mume wangu mfanyabiashara.
Watoto wakacheka, wamesikia tajiri.
Dauda, tajiri!
Dauda wa magunia manne na baiskeli isiyo breki!
Nikacheka nao.
Nuswaiba hakucheka. Alikuwepo matangani, alipika uji.
Sahihi, bibi, akasema polepole.
Wiki ijayo tunasoma kana.

Kana!
Kiswahili changu kikashtuka kama punda aliyeona nyoka.
Kana deni, kana mtoto,
kana uliyemzika Rajabu iliyopita
mto umejaa, jeneza likisubiri ng'ambo.
Au ni ile kana ya kana kwamba:
kana kwamba gurudumu limegonga mlango,
kana kwamba chai imebaki ya mtu mmoja zaidi.

Jumatano sikwenda.
Jumamosi sikwenda.
Nilipima ufuta nikazidisha kilo mbili,
mteja akanyamaza, akaondoka haraka.

Nuswaiba akaja mwenyewe dukani.
Hakuleta deni la mama yake, alileta chaki.
Akaandika ubavuni mwa gunia.

Kana, bibi, maana yake alikuwa. Basi.
Ana dada zake: asbaha, wa kupambazuka,
dhalla, wa kushinda mchana,
bata, wa kulala,
ma zala, wa angali,
akawataja kama shangazi wanaoshuka kwenye basi la msiba
kila mmoja na kikapu chake.
Kana akiingia kwenye jumla, akasema,
mwenye jina anamwacha palepale.
Hamtoi, wala hamsogezi.
Anagusa habari yake tu:
dhumma mwishoni inageuka fataha.

Nikasema, rudia.
Anamwacha palepale, bibi.

Kana zawji tajiran.

Jaribu kinywani mwako uone.
Tajirun, midomo inakusanyika
kama mdomo wa gunia ukishonwa.
Tajiran,
uzi unakatika, mbegu zinatoka.

Lori la Babati likapita, vumbi likaingia mpaka kwenye mizani.
Nikaisema tena. Na tena.
Mteja mlangoni akauliza bei ya jumla.
Nikamwambia asubiri,
hii yenyewe sijaimaliza.