Ametupa

Saa tisa usiku, Tukuyu, mwezi wa saba.
Mvua hainyeshi wala haijaacha;
imesimama dirishani kama mgeni
anayesitasita kupiga hodi.

Nepi kumi na moja zinaning'inia jikoni
kwenye kamba aliyoifunga Ambakisye
asubuhi ile alipoondoka kwenda Chunya.
Siku ya nne leo, hazijakauka.
Nazibonyeza moja moja
kama mtu achaguaye parachichi sokoni,
nachukua yenye nafuu.

Nimetia chumvi kwenye chai. Nimeinywa.
Nimetafuta simu nusu saa
kwa mwanga wa simu.

Mtoto ana siku thelathini na tatu.
Jina alipewa na bibi yake, mama mkwe wangu,
bakuli la uji wa pilipili manga mkononi:
Atupele. Kwa Kinyakyusa chetu, ametupa.
Yaani Mungu. Yaani sisi, ametupa sisi huyu.
Kisha bibi akarudi Kandete,
majani ya chai hayamngoji mtu.

Lakini saa tisa ya usiku
Kiswahili hunigeuzia neno hilo upande wa pili:
ametupa.
Kama mtu atupavyo ganda la ndizi.
Nambembeleza mwanangu kwa jina lake
na masikio yangu yanasikia
umetupwa, Tusekile, umetupwa.

Walikuja, sisemi hawakuja.
Walileta sabuni, kitenge na hongera.
Sabuni imekwisha.

Muuguzi pale Makandana alisema
mtoto akilala, nawe lala.
Alisema huku akipiga miayo, nikamwonea huruma.
Dada, mtoto akilala ndipo ndoo zinaamka,
ndipo mkaa unakumbuka kwamba umebaki vumbi,
ndipo mwili wenyewe, uliolilia kulala tangu mchana,
unakodoa macho darini na kuhesabu misumari.

Sasa hili sikumwambia Ambakisye kwenye simu.
Juzi nilimlaza kitandani, analia.
Nikatoka. Nikafunga mlango.
Nikasimama kwenye migomba, miguu mitupu,
nikasema nitahesabu mpaka mia mbili.
Baridi ikanipanda hadi magotini.
Sauti yake ikapita mlangoni, ikapita migomba,
haikupotea njia.
Nilipofika mia na arobaini nikakosea.
Nikaanza upya.

Kumbe ng'ambo ya uzio wa matete
mama Gwantwa alikuwa anakamua.
Hakusema pole.
Hakusema sisi enzi zetu.
Aliweka ndoo chini, akaifunika kwa sahani,
akajifuta mikono kwenye kanga
akaingia kwangu kama kwake.
Kilio kikakatika.
Akatoka na mtoto kifuani, ndani ya sweta lake
lenye harufu ya ng'ombe na moshi.
"Nenda," akasema. "Akitaka ziwa nitagonga."

Nilijitupa kitandani na matope miguuni.
Sikuota kitu. Saa moja na nusu
sikuwa mama wa mtu, wala mke, wala binti,
nilikuwa gunia la viazi lililoshushwa barabarani
na gari likaenda zake.

Alipogonga, sikujua ni leo au ni mwaka gani.
Maziwa yalikuwa yamelowesha shuka.
Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Tangu juzi nimejifunza kuisikiliza ndoo ile.
Maziwa ya kwanza huligonga bati kwa kelele,
ya katikati hunong'ona,
ya mwisho hayana sauti kabisa.
Pakinyamaza pale, kuna miguu inakuja.

Haji kila siku. Jana hakuja,
ng'ombe alikuwa mgonjwa.

Nyonya, Atupele.
Ametupa, naliita jina lako,
na usiku huu silazimishi maana.
Nyonya taratibu.
Bado saa mbili kabla ya ndoo.