Mizani ya Sonara

Mwezi ukiandama, baada ya alasiri,
Twalib Shee huja dukani kwangu Kibokoni
na foronya ya mto wa mtoto, imefungwa fundo.
Wateja wa bangili hudhani amebeba viazi.
Foronya peke yake naijua:
gramu thelathini na moja.
Kinachozidi hapo ni Rehani.

Binti yake, Mwanakombo, ndiye aliyempa jina.
Alimkuta amejikunja nyuma ya kopo la samli
lililopandwa mrehani:
nyoka wa nyumba, rangi ya kahawa,
hana sumu, hana neno.
Mtoto alidhani anamwita kwa jina la ua.
Mimi ni sonara. Nikisikia rehani
mkono hutafuta kitabu cha madeni wenyewe.

Na kitabu kinasema:
Mfungo Mosi, mia mbili na kumi na nne.
Mayai kumi na moja, yote mazima.
Mfungo Tatu, mia moja tisini na sita. Mayai kumi.
Mfungo Tano, mia moja sabini na tatu.
Mayai tisa, mawili viza.
Mfungo Saba
mia moja arubaini na nane. Mayai sita.
Manne viza.
Ngozi imemlegea ubavuni
kama bangili ya bibi mkononi mwa mjukuu.

Twalib si mtu mbaya, naliandika hili makusudi.
Hununua panya kabla hajanunua samaki wake.
"Yuwala," aniambia. "Yuwala vizuri, maumbile yake ni haya.
Huko vichakani hamngoji mtu ampe ruhusa."
Kisha, kwa sauti ya chini: karo ya Mwanakombo,
na yule bwana wa Nyali ameshatoa arubuni
ya mayai ambayo hata dume lake halijaingizwa.

Sikuwa na jibu. Nyoka siwajui.
Najua dhahabu:
kila ikiingia kalibuni hutoka imepungua punje,
moshi umekula, jivu limekula, brashi imekula,
nayo haisemi.
Iyeyushe mara saba, mwenyewe ataitazama
aone bado yang'aa,
aape haijapungua kitu.

Mke wangu akapita na birika.
"Na kuku je? Mbona kuku hamumuulizi?"
Akaenda zake jikoni.
Usiku ule nililetewa yai la kukaanga,
nikalitazama hata likapoa.

Basi tukapatana, na shauri lilikuwa lake Twalib, si langu:
apumzike. Dume likae sanduku lake.
Akitimia mia na themanini, ndipo.

Jana umeandama Rajabu.
Akafungua fundo kidogo, apate hewa.
Kichwa kikatokeza, ulimi ukaonja duka langu,
shaba, tindikali, jasho la watu,
na jua la mlangoni likamwangukia mgongoni
likatoa rangi zote zile
ninazozitafuta katika mawe nisizione.

Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikatua:
mia mbili na kumi na mbili.
Nikatoa foronya. Mia moja themanini na moja.
Miaka thelathini na minne sijampunja mtu
hata uzito wa chembe ya ufuta.
Walii wa kike wamenikabidhi vipuli vya mama zao
wakageuka kuzungumza, wasitazame.

Nikaitoa foronya mara ya pili.

"Mia moja na hamsini," nikasema.
Twalib akashusha pumzi, sikujua
kama ni huzuni au ni mzigo umemtoka.
"Bado, basi," akasema, na akalifunga fundo
polepole, kama afungaye kitovu.
Nyali, atampigia simu angoje.

Sijui kama nimefanya la busara.
Labda karo nimeizuia mimi.
Labda angetaga salama, kumi na mbili, yote mazima,
na mimi ni mzee tu mwenye mizani na woga.
Kitabuni nimeziandika nambari zote mbili
kwa wino mmoja.

Mwezi ujao atakuwa mzito zaidi.
Foronya ni ile ile moja.