Jozi Moja

Nililipa mia tano kwenye banda la video la Ngowi, Pasua,
nikapata nafasi nyuma kabisa, jirani na jenereta,
kuangalia filamu ya Aikande, binti wa muuza mitumba wa Memorial.
Filamu yake ya kwanza: "Gunia la Saba".

Mimi ni fundi viatu. Wenzangu humwanza mtu usoni,
mimi huanzia chini.
Kwa hiyo mlinzi wa ghala la kahawa alipouawa
na kamera ikashuka sakafuni, ikafuata miguu
ya mtu tusiyemwona kiwiliwili,
nilivijua vile viatu.
Kisigino cha kushoto nilikitia kiraka mwenyewe,
kwa mpira wa tairi, mwezi wa Machi.

Dakika kumi baadaye akaingia mpelelezi Mbwambo,
kalamu mfukoni, sura ya mtu aliyelala na nguo zake,
na miguuni
vile vile.

Nikashika magoti.
Banda zima linamshuku kinyozi, linamshuku shemeji,
linamshuku dereva wa lori kwa sababu ya masharubu,
na mimi nimekaa na siri yangu kama kaa la moto mdomoni.

Sisemi haina kasoro.
Upepo wa Rau unameza maneno, jogoo anawika saa sita ya usiku,
bastola ni ya plastiki, inashikwa kwa adabu isije ikavunjika.
Damu ni rosela iliyochemshwa na sukari;
nzi waliotua kwenye shavu la maiti
ni nzi wa kweli, hawakulipwa,
na maiti, Kundaeli muuza ndizi, hakupepesa ukope.
Nimewaona wenye mamilioni wakifa ovyo kuliko yeye.

Na lile giza!
Mpelelezi anafika mlangoni, anagusa kitasa,
kiza.
"Ngowi! Petroli imekwisha! Rudisha hela zetu!"
Mimi ndiye niliyekaa na jenereta. Nikawaambia: inanguruma.
Wakatega masikio. Kweli, inanguruma.
Umeme ulikatika kule ndani, kwenye filamu,
ulikatika kweli siku ya kurekodi, nilikuja kuambiwa,
na yule binti akanong'ona, msisimame,
akatubakishia dakika nzima ya pumzi.
Pumzi mbili.
Kisha tatu.
Hakuna aliyeikumbuka mia tano yake.

Mwishoni wakamtia pingu shemeji. Watu wakapiga makofi.
Mimi nilitazama viatu vikiondoka.

Jumatatu akaja kijiweni kwangu, Mbuyuni,
begani kamera ya kuazima, mkononi jozi ileile ndani ya gazeti.
Nikamwuliza bila salamu: Mbwambo ndiye aliyeua?
Akacheka mpaka akakaa.
"Fundi, tulikuwa na jozi moja tu. Namba arobaini.
Wote wawili iliwabana."
Halafu kicheko kikamwisha,
akawa kama mtu aliyeokota ufunguo asioujua mlango wake.
"Nani mwingine ameona?"
Mimi tu.
Akatoa kidaftari, akaandika kitu, akakifunika kwa kiganja.

Anataka soli mpya, zisizolia, za filamu ya pili.
Leo nimezing'oa zile kuukuu.
Ndani ya mshono umebaki wekundu wa rosela,
na sisimizi mmoja
bado anafuatilia kesi.