Mlango Unalia

Nililinunua mnadani Kurasini, limejifunga kama bahasha.
Dalali alisema ni jokofu la kuvutwa na gari.
Niliamini. Shemeji yangu aliamini zaidi,
akalizunguka, akalipiga kofi ubavuni: "Bati zito hili."

Nyumbani Tabata tukaona kitundu cha hendeli.
Tukazungusha. Paa likapanda shubiri mbili,
likatoa harufu ya panya na mvua ya nchi nyingine,
halafu ndani kitu kikakatika, twaa!
na paa likarudi chini
kama mtu aliyekataa kuamshwa.

Kumbe ni chumba.

Fundi wa magari akasema: halina injini, mama, si langu.
Fundi wa nyumba akasema: mbona lina magurudumu?
Wa mahema, kule Keko, akauliza nguzo ziko wapi.
Nikamwambia zimo ndani ya kuta, zinavutwa na waya.
Akanitazama kwa huruma, akaniagizia chai.

Wiki tatu nazunguka na picha kwenye simu,
ufa wa kioo umepita katikati ya paa.
Ukisema tela, wanakuonyesha la mchanga.
Ukisema hema, wanauliza harusi ni lini.
Ukisema la kukunja, wanakuletea kitanda.

Gerezani, nyuma ya wachomelea mageti,
Likwata aliingia chini yake, tochi mdomoni,
akakaa huko muda wa wali kuiva.
Akatoka na kapi kiganjani, limelika kama jino.
"Hiki ni kisima," akasema.
"Ndoo ndiyo paa. Kamba imekatika, basi."

Sijawahi kumpenda mtu haraka namna ile.

Kapi akalikereza upya, la shaba.
Beringi nilizifuata mwenyewe Kariakoo,
namba nimeiandika kiganjani, jasho linaila;
ya mwisho ni moja au saba?
Muuzaji akaamua ni saba. Ikawa saba.

Turubai likaenda Buguruni kwa Bi Havijawa,
mshonaji wa maturubai ya malori ya Tunduma.
Madirisha akayatia chandarua cha kliniki.
"Na hii nyumba ni ya wapi?"
Ya kulala porini, nikamjibu, likizo, mimi na wanangu.
Akakata uzi kwa meno.
"Una kwako, unatoka, unakwenda kulala nje."
Hakuuliza. Alikuwa anaweka hesabu sawa.

Siku ya kuinua, Likwata alimpa hendeli kijana wake, Chande.
Mizunguko thelathini na miwili.
Wachomeleaji wakazima moto, wakavua miwani.
Paa likapanda kimya, vitanda vikatoka huku na huku kama droo,
na kwenye ule mtaa wa vyuma na cheche
kukasimama kitu laini.
Mtu mmoja akapiga makofi, kisha akaona haya.

"Liache siku tano," Likwata akasema, "grisi izoee."

Nikarudi Jumamosi, hata chai hazijachemka.
Kwenye sinki dogo, mswaki.
Kwenye ndoano ya pazia, shati la kazi, limefuliwa.
Chande alikuwa amelala chali, mikono ameitupa kote kote,
kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza
hana wa kumgusa.
Kwao Mbagala, niliambiwa baadaye, godoro moja ni la watatu.

Akashtuka. "Nilikuwa nalinda, mama."

Nikapapasa zipu. Nikakanyaga sakafu.
Nikafungua mlango, nikaufunga, nikaufungua tena.
Likwata amesimama nje, anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

Nikamwambia: mlango unalia.

Akaja. Akaufungua. Akaufunga.
Akausikiliza ukimya wake.
Akamtazama kijana, anayesaka ndala chini ya kitanda.

"Kweli, unalia," akasema.
"Huu si wa leo. Pitia baada ya mvua."