Sensa ya Nyuma

Fundi Nyakeri aliponiambia "sensa"
nilifikiri ile ya serikali,
ya vijana wenye vizibao na chaki mlangoni
wanaouliza usiku ule mlilala wangapi.
Akacheka, akafungua kiganja:
vidude vinne vyeusi, kama vifungo vya koti la marehemu.
"Hizi, mama, zinahesabu walio nyuma yako."

Pikapu yangu ina umri wa Muthomi.
Inabeba mayai, trei mia mbili
kutoka Kinoo mpaka maduka ya Eastleigh,
na haijawahi kujua mgongoni kwake kuna nini.
Mgongo ulikuwa kazi ya Muthomi.
Tangu ana miaka tisa alisimama pale kwenye kokoto,
"njoo, njoo, njoo, kata kushoto, njoo,"
kisha kofi moja kwenye bodi: paa!
Kofi hilo ndilo lililokuwa breki yangu.
Septemba alipanda basi la Eldoret, chuo kikuu,
akaniachia kioo cha kati chenye ufa.

Wiki tatu nikarudi nyuma peke yangu.
Nikaangusha ndoo. Nikaparuza ukuta wa landilodi.
Ni ukuta tu, nilisema. Ni ndoo tu.
Halafu Jumanne moja jioni,
stima zimepotea Zimmerman nzima,
nikatia rivasi
na Nekesa akapiga ukemi ambao hadi leo uko shingoni mwangu.
Nikakanyaga. Nikashuka.
Mwanawe, Makokha, alikuwa amechuchumaa
akipapasa kokoto.
Kati ya kisogo chake na bampa
pangeingia trei moja ya mayai, tena kwa ubavu.
Hakulia. Alininyoshea gololi:
"Nimeipata."

Wanasema majuto huja nyuma.
Hawakusema huja bila taa.

Nilifika Kirinyaga Road maduka hayajafunguliwa.
Nyakeri akapima bampa, akatia alama kwa chaki,
nikawakumbuka tena wale vijana wa mlangoni.
Drili ikalia,
chuma kikamwagika kama nywele kwa kinyozi.
Waya akaupeleka kwenye taa ya rivasi
akakuta balbu imeungua, sijui tangu mwaka gani.
"Kumbe mama ulikuwa ukirudi gizani."
Sikumjibu. Nilimpa pesa ya balbu.

Tulipojaribu, kitu kililia bila kukoma
na nyuma hapakuwa na hata paka.
Nyakeri akainama, akazunguka, akajikuna,
mpaka akagundua kilikuwa kikiiona ndoano ya trela,
mkia wa pikapu yenyewe.
Nyani haoni kundule;
hiki kimeliona na kinaita majirani.
Akaing'oa ndoano kwa spana namba kumi na tisa.
Miaka yote hiyo sijavuta trela,
nilinunua gari na mkia wake, nikauzoea.

Kisha akaenda kusimama nyuma yeye mwenyewe,
mikono mfukoni.
"Rudi."
Nikakataa.
"Rudi, mama. Nina watoto wanne, siwezi kucheza."
Ti. Ti. Ti-ti. Titititi.
Ule mlio mrefu sikuungoja.
"Bado mita nzima!" akafoka. "Unapoteza nafasi!"
Acha ipotee, Nyakeri.

Jioni nilimpigia Muthomi, nikamsikilizisha.
Alinyamaza kidogo,
akauliza kama inajua kusema kata kushoto.
Haijui.
Nikamwambia haijui.

Bado kila alfajiri nashuka, nazunguka,
nainama kwa tochi ya simu:
paka wa caretaker, kandambili moja, hakuna mtu.
Ndipo naingia.

Na Makokha amejifunza.
Jana alikuwa uani akitembea kinyumenyume,
mashavu yamevimba, macho mbele kabisa,
ti, ti, ti-ti, titititi,
mpaka akakaa ndani ya beseni la nguo za mama yake.