Mafua Tu

Jumatano usiku nilikohoa mara mbili.
Mara mbili tu. Nilizihesabu
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
Kooni palikuwa na mkwaruzo mdogo,
kama uzi wa sweta ulionasa mahali.
Nikajiambia ni hewa ya Elbląg hii,
ni makaa wanayochoma majirani,
ni dirisha la tramu lisilofungika.
Mafua tu, Ludomira. Lala.

Kesho yake ilikuwa siku ya bibi zangu.
Kila Alhamisi napanda ngazi za makao ya wazee
na mkoba wa mikasi, na rola,
na kile kikausha nywele kinachonuka vumbi lililoungua.
Kumi na mmoja wananingoja, wamevaa hereni.
Bi Wacława ana miaka tisini na miwili.
Nywele zake zimebaki chache, nazijua moja moja,
na kuzifikia zile za nyuma ya sikio
hunibidi niiname
mpaka pumzi yangu imguse shingo.
Hucheka: "Unanitekenya, we msichana!"
Nina miaka hamsini na minane.

Pumzi yangu.
Hapo usingizi ukaniruka.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.
Hawakusema kifo cha nani.

Kulipokucha nikaenda kupima,
kwenye hema jeupe nje ya duka la mazulia.
Foleni fupi, na kila aliyesimama
alikuwa na sababu ya kuwa mzima:
bwana mwenye mbwa ametumwa na mwajiri,
kijana amelazimishwa na mama,
na mimi, bila kuulizwa, nikasema, "Ni mafua tu,"
theluji ikituangukia sote bila kubagua.

"Homa?" Hakuna.
"Kupumua?" Napumua.
"Viungo kuuma?" Mwanangu, nasimama mchana kutwa,
viungo vyangu viliacha lini kuuma?
Muuguzi hakucheka. Jina lake lilikuwa kwenye aproni,
limeandikwa kwa kalamu ya wino: Kornelia.
"Basi umekuja kwa nini?"
Sikuwa na jibu la kutosha kwenye fomu.
Nikamsimulia ile shingo.
Akaweka kalamu chini, akachana pakiti.

Kijiti kikapita puani, kikaenda mbali,
mahali ambapo sikujua kuwa ni pangu.
Jicho moja likatoa machozi, lenzake likatazama.

Kisha kungoja, juu ya kiti cha plastiki.
Nilitaka mambo mawili, yote ya aibu:
niwe mzima, niende kazini, kodi ilipwe;
na pia, kidogo, niwe mgonjwa,
nisionekane mpumbavu
aliyekimbilia hemani kwa vikohozi viwili.

Mstari wa kwanza ulikuja mweusi kama wanja.
Wa pili ulisitasita.
Kornelia akauinua kwenye mwanga,
akauinamisha, akauinua tena.
"Hafifu nao ni mstari," akasema.

Nikapiga simu kule makao. Akapokea Bi Wacława,
maana ndiye anayekaa karibu na simu.
"Nimeshalowesha kichwa," akasema.
Nikamwambia.
Kimya. Nyuma yake redio ikitaja bei ya viazi.
"Unaumwa sana?"
"Siumwi. Mafua tu."
"Basi funga shingo yako, ukae ndani.
Hizi zangu ni chache, hazina mbio."

Homa haikuja. Siku ya tatu kikohozi kikaondoka
kama mgeni aliyekosea mlango.
Mpaka leo sijui nilizuia nini. Pengine si kitu.
Mwenye nyumba aliichelewesha kodi
kwa uso wa mtu anayenikopesha figo.

Alhamisi niliyorudi,
kabla ya kutazama nyuso nilihesabu hereni,
kutoka mlangoni, koti likiwa bado mwilini.
Ishirini na moja.
Nikahesabu tena. Ishirini na moja.

"Umesimama nini hapo?" Bi Wacława akaniita,
sikio moja tupu, kichwa kinadondosha maji.
"Ingia chini ya kitanda unitafutie nyingine."