Jua la Matone

Kijiji chetu kimekaliwa na mlima.
Novemba kumi na moja, saa tano na nusu,
jua huchungulia mara ya mwisho juu ya bega la jabali,
kisha hutuaga hadi Februari.
Ndivyo nilivyozaliwa, ndivyo nitakavyozikwa,
nilikuwa nikisema, huku nakata kipande kingine cha jibini.

Mwaka ule Duri alianguka.
Si malishoni alikochunga mbuzi miaka hamsini:
bafuni, kwenye zulia dogo nililonunua mimi.
Hakurudi nyumbani.
Daktari Seraina alinionesha picha ya nyonga yake,
nyeupe, matundu matupu, kama mkate uliozidi hamira.
"Na wewe, Mengia?"
Nikasema mimi buheri wa afya.
Akaniambia niinuke kitini bila kushika meza.
Nikashika meza.

Nilirudi na mfuko wa karatasi:
kichupa cha vitamini D, cha kudondosha,
vidonge vya mafuta ya samaki, rangi ya asali,
na picha za mazoezi za mtu asiye na uso.
Matone nilianza siku ileile; kumeza si kazi.
Samaki alinipandia kooni hadi adhuhuri,
sisi wa bonde hili bahari tumeisoma tu.
Yule asiye na uso nikamfunikia chungu.

"Kwani dawa peke yake haitoshi?"
Seraina akacheka. "Ukiteleza, kichupa hakitakudaka.
Fanya vyote pamoja. Na hata hapo, sikuahidi."
Nilimpenda kwa hilo la mwisho.
Muuza dawa wa mjini aliniahidi miaka ishirini
kwa faranga tisini.

Siku hizi, maji yakichemka,
naketi, nasimama. Naketi, nasimama. Kumi.
Magoti yanalia kama mlango wa zizi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
kuinama naweza, kuinuka ndiko kwenye kesi.
Napiga mswaki kwa mguu mmoja,
korongo wa miaka sabini na sita, povu mdomoni.
Chumvi nimepunguza. Divai ni ya Jumapili tu
(na Alhamisi, Barla akija na karata zake).
Zulia la bafuni nimelichoma. Nililia,
kisha nikauota moto wake.

Sidanganyi: uzee haujahama.
Jina la mkwe wangu bado linanitoroka,
vidole bado vinakakamaa kabla ya theluji.
Lakini leo ni tarehe tatu Februari,
na jua hufikia kwanza mnara wa kanisa,
ngazi sitini na nne.
Miaka mitatu nimelingoja chini, linishukie.
Leo nimelifuata.
Nimepumzika mara mbili, ya pili kwa muda mrefu.
Juu, mtoto wa mpiga kengele akanisogezea nafasi
wala hakunishika mkono.

Likatokea, jembamba, ukucha wa manjano.
Nikafumba macho, likanitua usoni,
nikavuta pumzi ndefu, na koo langu,
lo, likanukia samaki.